Ufunguo Bila Kibandiko

Katikati ya Juni 2023, walinzi wa mifumo katika Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani waliona dalili kwamba kuna mtu anasoma barua pepe za wafanyakazi wao. Hakuna nywila iliyobahatishwa wala simu iliyoibwa. Aliyeingia alikuja na kibali chenye saini halali, na seva ya barua ikampisha. Kundi lililohusika, ambalo Microsoft ililipa jina la Storm-0558 na kulihusisha na China, lilikuwa limepata ufunguo mmoja wa kutilia saini. Ufunguo wenyewe ulitolewa mwaka 2016, tena kwa ajili ya akaunti za watu binafsi, zile za mtu na familia yake. Mwaka 2023 ulikuwa unafungua barua za serikali. Microsoft ilipotangaza tukio hilo mwezi Julai, ilitaja mashirika takribani 25.

Wengi waliuliza ufunguo uliibwaje. Sisi tunaoandika programu tulibaki na swali jingine: hata kama umeibwa, imekuwaje ufunguo wa chumba cha wageni ukafungua stoo ya serikali? Maelezo ya Microsoft yaliumiza, kwa sababu kila mmoja wetu alijiona ndani yake. Waandishi wa mfumo wa barua walidhani kwamba maktaba waliyoitumia, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa na wenzao, inakagua kila kitu, pamoja na nani aliyetoa kibali. Maktaba ilikagua saini tu. Kila upande uliamini mwenzake ameshafunga mlango.

Hisabati za funguo hizi hazijavunjwa. Kinachovunjika ni uzi mwembamba unaounganisha ufunguo na maelezo yake: ni wa aina gani, wa kazi gani, wa nani. Uzi huo hukatikia sehemu nyingi, na hakuna mahali unapokatika kirahisi kama ndani ya maktaba iliyoandikwa kwa lugha ya C.

Chuma na maelezo yake

Ukibonyeza kitufe cha kuingia kwa akaunti ya Google kwenye tovuti fulani, uwe Mwanza au Lubumbashi, tovuti hiyo haipewi nywila yako. Inapewa tokeni: kipande cha maandishi kinachoeleza wewe ni nani, kimetiwa saini na Google. Ili kuithibitisha saini, tovuti inahitaji ufunguo wa umma wa Google, na Google imeuweka mtandaoni ausome yeyote. Umeandikwa kwa mtindo uitwao JWK, ufunguo wa wavuti ulioandikwa kwa JSON, uliorasimishwa Mei 2015 katika waraka wa RFC 7517.

Kwa macho, JWK ni orodha fupi ya majina na thamani zake. Jina "kty" hutaja ukoo wa ufunguo: RSA, EC, OKP, au "oct", ambao ni siri moja inayojulikana na pande zote mbili. "use" husema ni wa kushughulikia saini au wa kufungia siri. "alg" hutaja algoriti, na "kid" ni namba ya utambulisho, mithili ya namba iliyogongwa kwenye ufunguo wa hoteli. Baada ya hapo ndipo zinapokuja namba zenyewe, zimeandikwa kwa herufi za Base64url. Funguo za RSA karibu zote zina neno "AQAB" mahali fulani. Hilo ni namba 65537 tu, imevaa nguo za herufi.

Fundi wa funguo wa pembeni mwa barabara, mwenye jiriwa na tupa, akikuchongea nakala hakuulizi ni ya mlango gani. Kwake chuma ni chuma. JWK ilibuniwa ili chuma kitembee na kibandiko chake, na maktaba inayoipokea ina wajibu mmoja mkubwa: kutoviachanisha.

Lugha isiyojua ufunguo ni nini

C ilizaliwa katika maabara za Bell mwanzoni mwa miaka ya 1970, mikononi mwa Dennis Ritchie. Leo ndiyo iliyo chini ya seva za wavuti kama Apache na nginx, chini ya OpenSSL, maktaba ya kazi za funguo na saini, na ndani ya vifaa vidogo visivyo na nafasi ya lugha nzito. Hata programu za lugha nyingine nyingi, zikifika kwenye kazi ya funguo, hushuka na kubisha hodi kwenye msimbo wa C.

Kwa C, ufunguo ni safu ya baiti kwenye kumbukumbu, na kinachopitishwa kutoka mkono hadi mkono ni kielekezi kinachoonyesha baiti ya kwanza. Safu inaishia wapi? C haijui, mwandishi ndiye anayepaswa kukumbuka. Ni ya RSA au ni siri ya pamoja? Hilo pia hailijui. Kibandiko chote cha JWK hubanduka pale tu programu inapotoa baiti ndani ya JSON na kuzishika peke yake.

Madhara ya hilo yanaonekana vizuri kwenye kitu kidogo kuliko vyote, namba sifuri.

Katika C, neno huishia pale inapokutwa baiti ya kwanza yenye thamani ya sifuri. Kwa majina ya watu na anwani zao mila hiyo haina neno. Lakini ufunguo mzuri ni baiti za nasibu, na kwa wastani baiti moja katika kila 256 itakuwa sifuri. Chukua siri ya baiti 32, kipimo cha chini kinachoruhusiwa kwa algoriti ya HS256, inayopiga muhuri kwa siri ya pamoja. Uwezekano wa kuwa na walau sifuri moja ndani yake ni karibu asilimia 12. Mwandishi akiupima urefu wake kwa strlen, kazi ya kupimia maneno, basi funguo kama 12 katika kila 100 zitakatwa kabla ya mwisho. Na mmoja katika kila 256 utaanza na sifuri, kwa hiyo utahesabiwa kuwa na urefu wa 0. Programu itapiga mihuri kwa siri tupu, na mpita njia yeyote ataweza kuigiza muhuri huo.

Ubaya wake ni kwamba hakuna kitakacholia. Upande unaopiga muhuri umekata pale pale ulipokata upande unaoukagua, hivyo majaribio yote yatapita na mradi utapelekwa kwa wateja huku kila mtu akipongezana. Na ikiwa ufunguo hauna sifuri kabisa, wala hakuna iliyowekwa mwishoni mwake, strlen itaendelea kusoma nje ya mpaka, hadi kwenye mali ya watu wengine. Aprili 2014 dunia ilionja tatizo la jamii hiyo pale kasoro ya Heartbleed ndani ya OpenSSL ilipotangazwa: seva iliamini urefu uliotajwa na mgeni bila kuupima, ikamrudishia hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu yake kwa kila ombi. Baiti zisizoongozana na urefu wake ni hatari hata kabla hujauliza ni za nini.

Sifuri ya pili ina ujanja zaidi. Ufunguo wa umma wa ukoo wa EC ni nukta kwenye mkunjo, yenye x na y. Kwa mkunjo wa P-256 kila moja lazima iandikwe kwa baiti 32 kamili, sawa na herufi 43 za Base64url, hata kama namba yenyewe inaanza na sifuri. Lakini OpenSSL ikiombwa kugeuza namba kubwa kuwa baiti kwa njia ya kawaida, BN_bn2bin, huzitupa sifuri za mbele, kama sisi tunavyoandika 7 badala ya 007. Niliwahi kupoteza siku mbili kwa sababu hiyo. Funguo zote tulizotengeneza zilikubaliwa na upande wa pili, isipokuwa wa mteja mmoja. Nilikagua mtandao, saa za seva, hata subira ya mteja mwenyewe. Mwishowe nikahesabu herufi kwa kidole kwenye skrini: y ilikuwa na herufi 42. Ufunguo kama mmoja katika kila 128 hupatwa na hali hiyo, kiasi kidogo cha kupita kwenye majaribio na kikubwa cha kumharibia mtu wikiendi. Dawa yake ni neno moja, BN_bn2binpad, ambayo huambiwa urefu unaotakiwa na kujaza sifuri mbele.

Ukidhani umejifunza kwamba sifuri za mbele zitunzwe siku zote, RSA itakukosoa. Kwake kanuni ni kinyume: namba yake kuu iandikwe kwa baiti chache kabisa, bila sifuri ya ziada mbele. Waraka wa RFC 7518 unaonya kuhusu maktaba zinazobandika sifuri moja na kutoa baiti 257 badala ya 256. Tarakimu ni zile zile na sheria ni mbili. Anayejua ipi itumike ni "kty", kibandiko ambacho C ilikuwa imeshakibandua.

Mgeni anapochagua kufuli

Mwaka 2015 Tim McLean alieleza hadharani kasoro iliyokuwa kwenye maktaba kadhaa za tokeni. Ili kuielewa, kumbuka kwamba kuna njia mbili za kuthibitisha tokeni. RS256 hutumia jozi: ufunguo wa siri hutia saini, na ule wa umma huikagua. HS256 hutumia siri moja pande zote. Tokeni yenyewe, kwenye kichwa chake, hutaja njia iliyotumika.

Mshambuliaji anachukua ufunguo wa umma, ambao kwa jina lake tu hauna siri. Anaandika tokeni anayoitaka, anataja HS256 kichwani, kisha anaipiga muhuri akitumia maandishi ya ule ufunguo wa umma kana kwamba ndiyo siri. Seva inapokea, inasoma HS256, inachukua baiti za ufunguo ilizopewa na mwenye mfumo, na kuzitumia kama siri. Hesabu inalingana. Mlango unafunguka. Hakuna fomula iliyokosewa hapo. Kilichokosekana ni mtu wa kusema, "Huu ni wa RSA, hauwezi kuwa siri ya HS256."

Kazi ya C inayopokea tokeni, kielekezi cha baiti, na urefu haiwezi kusema hivyo hata ikitaka, kwa kuwa haikuambiwa. Kwa hiyo maktaba nzuri haikubali baiti tupu. Inaisoma JWK nzima, inaigeuza kuwa kitu kimoja chenye aina, kazi na algoriti, na kila inapoombwa kutia au kukagua saini inalinganisha hivyo vitatu kabla ya kugusa hesabu. Ikikuta "use" ya kufungia siri kwenye kazi ya saini, inakataa. Ikikuta siri ya baiti 10 kwa HS256, inakataa. Ikikuta x na y zisizoangukia kwenye mkunjo uliotajwa, inakataa pia. Mwaka 2017 Antonio Sanso alionyesha kwamba maktaba kadhaa za kufungia siri hazikuwa zikifanya ukaguzi huu wa mwisho, na nukta bandia zingeweza kuuchota ufunguo wa siri kidogo kidogo.

Kuna pia mgeni anayekuja na ufunguo wake mfukoni. Kanuni za tokeni zinaruhusu kichwa chake kibebe JWK ndani yake. Mwaka 2018 maktaba ya node-jose ya Cisco iliripotiwa kuuamini ufunguo uliokuja namna hiyo, yaani tokeni ilijithibitisha kwa ufunguo ilioubeba yenyewe. Hata "kid" isiaminiwe mno, maana nayo imeandikwa na aliyeleta tokeni. Itumike kutafuta ndani ya orodha uliyokwisha kuiamini, na ikikosekana humo, tokeni irudi ilikotoka. Anayeichukua "kid" na kuiunganisha moja kwa moja kwenye jina la faili amempa mgeni ruhusa ya kuchagua faili.

Baada ya kazi

Hata ulinganishaji wa mwisho, wa muhuri uliokokotolewa na ule uliokuja na tokeni, una mtego wake. Kazi ya strcmp hulinganisha maneno mawili herufi kwa herufi na kuacha mara tu inapokuta tofauti. Ni kama mlinzi anayekukatiza neno la siri kwenye silabi uliyokosea: rudi mara nyingi na utalikusanya lote. Tofauti ya muda ni ndogo sana, lakini hupimika. Mwaka 2024 kasoro ya aina hiyo iliorodheshwa dhidi ya maktaba mbili za C za kushughulikia tokeni, libjwt na Rhonabwy. OpenSSL ina CRYPTO_memcmp, ambayo hupita baiti zote hadi mwisho hata ikiwa ya kwanza tu imetofautiana.

Kisha inakuja kazi ya kufagia. Tuseme umesoma JWK yenye ufunguo wa siri. Kisomaji cha JSON kilinakili herufi zake. Ulipozigeuza kuwa baiti, ikapatikana nakala ya pili. OpenSSL ilipoupokea, ya tatu. Ukiita free, C hurudisha chumba bila kukifagia, na baiti hubaki sakafuni hadi mpangaji mwingine azifunike. Mwandishi makini huita memset ijaze sifuri kwanza. Hapo kompaila, mfasiri wa msimbo kwenda lugha ya mashine, huingilia kati: ikiona kumbukumbu inakaribia kuachiwa na hakuna atakayeisoma, inahesabu kufagia huko kuwa kazi bure na kuiondoa amri hiyo kimya kimya. Ndiyo maana zikatengenezwa kazi ambazo kompaila hairuhusiwi kuziruka: OPENSSL_cleanse, explicit_bzero iliyoanzia OpenBSD, na sasa memset_explicit katika toleo la C23 la lugha yenyewe. Jansson, maktaba ya JSON inayotumiwa sana na waandishi wa C, inaruhusu ubadilishe kazi zake za kuomba na kuachia kumbukumbu ili kila kipande kifutwe kabla ya kurudishwa.

Hofu ya masalia hayo ina msingi. Programu ikianguka, mfumo unaweza kuandika picha ya kumbukumbu yake yote kwenye faili ili mafundi waichunguze, na funguo zikaandikwa humo pamoja na mengineyo. Septemba 2023 Microsoft yenyewe ilitaja faili ya namna hiyo, ya Aprili 2021, kuwa huenda ndiko ufunguo ulikotokea. Machi 2024 ilirekebisha kauli kwa kusema haijapata faili yoyote yenye ufunguo ule. Lakini hakuna mhandisi aliyeona dhana ile kuwa ya ajabu ilipotolewa mara ya kwanza, na hilo linatosha kukuonyesha tunavyoishi.

Msumari mmoja

Mtu anaweza kusema basi tiba imepatikana: chagua maktaba inayotunza kibandiko, lala usingizi. Turudi kwenye barua za serikali.

Pitia tena majina yaliyo ndani ya JWK: ukoo, kazi, algoriti, namba ya utambulisho. Hakuna jina linalosema ufunguo ni wa nani. Waraka wa RFC 7517 haukuliweka miongoni mwa majina yake. Unajua kwamba ufunguo ni wa Google kwa sababu uliuchukua kwa Google. Mahali ulipoutoa ndiyo hati yake ya umiliki, na hati hiyo haiandikwi ndani ya JSON. Inabaki kichwani mwa programu yako, kama imeitunza.

Septemba 2018 Microsoft ilianza kuchapisha maelezo ya funguo za watu binafsi na za mashirika mahali pamoja, ili kuzihudumia programu zinazopokea wateja wa pande zote mbili. Ni sawa na mwenye nyumba aliyechukua mashada mawili ya funguo na kuyatundika kwenye msumari mmoja. Nyaraka zilieleza kwamba atakayetoa ufunguo pale athibitishe ni wa upande gani. Maktaba hazikusasishwa zifanye hivyo zenyewe. Mfumo wa barua ulipohamia kwenye mpangilio huo mwaka 2022, ukaguzi wa mtoaji haukuongezwa. Na kwa kuwa kampuni ilikuwa imesimamisha ubadilishaji wa funguo hizo kwa mkono mwaka 2021, ufunguo wa 2016 ulikuwa bado unaning'inia pale, ukiwa na ukoo sahihi, kazi sahihi na algoriti sahihi.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini, nasi waandishi wa programu hatuwezi kuacha kutegemea. Hakuna mwenye akili atakayeandika RSA yake mwenyewe kuanzia mwanzo. Kinachowezekana ni kujua mpaka ulipo. Maktaba ijibu kama ufunguo huu ni mzima, ni wa aina gani na umeruhusiwa kazi gani, na ikatae kwa sauti pale jibu linapokosekana. Anayeiita maktaba ajibu ufunguo umetoka kwa nani, na kama jina la mtoaji lililo ndani ya tokeni ndilo hilo hilo. Katika C jibu hilo la pili ni sehemu moja tu ya ziada kwenye muundo wa data, jina la mtoaji likikaa pembeni ya kielekezi cha ufunguo tangu dakika ulipopakuliwa, pamoja na mstari mmoja wa kulinganisha.

Mstari huo hauna hesabu ngumu, na hakuna atakayekusifu kwa kuuandika. Siku hizi, nikipewa msimbo wa mwenzangu niupitie, ndio ninaoutafuta kwanza, kabla hata sijatazama amechagua algoriti gani.